Farasi tumewaona, wazee wa kiduo je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tamasha la utamaduni la mwaka huu katika mji wetu mdogo wa milimani, hapa mkoani Iringa.

Nianze na farasi, maana ndio waliojaza watu. Walikuwa wanne, wamekodiwa kutoka shamba moja, wakapita barabara kuu toka stendi hadi uwanja wa mpira. Watoto wengi walikuwa hawajawahi kumwona farasi isipokuwa kwenye runinga. Mbung'o na maradhi ya nagana hayakumwacha mnyama huyo azoeleke nchini kwetu. Bibi mmoja mbele yangu, kajitanda kitenge mpaka kichwani kwa baridi, aliuliza, "Huyu punda wanamlisha nini?" Tulicheka, naye akacheka. Matarumbeta yalipolia karibu na soko, yule mweupe aliruka kando, kwato zikateleza kwenye lami, watu wakakanyagana kurudi nyuma. Hakuna aliyeumia. Alichokiacha barabarani kilizolewa na mama muuza mboga akajaza sado, msafara ukiwa hata kona haujakata. Nadhani huyo ndiye aliyefaidi kuliko sote.

Sina ugomvi na farasi. Ugomvi wangu ni wa saa. Wazee wa kiduo, ngoma yetu ya Wahehe, walifika saa mbili asubuhi, migolole mabegani, wakasimama pembeni ya uwanja mpaka saa nane wakisubiri wageni rasmi. Zamu yao ilipofika, mshereheshaji akasema, "Wazee wetu, dakika tano tu, muda umetutupa mkono." Kiduo cha dakika tano! Hata miguu haijapata moto. Kisha zikafunguliwa spika, bongofleva mpaka jioni. Huo muda ulitoka wapi?

Na kingine. Tamasha linaitwa la urithi, lakini hakuna aliyeshika kipaza sauti kuwaambia wale watoto kwamba Lugalo ipo hapo chini tu, kando ya barabara ya Dar es Salaam. Ndipo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipokivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, mikuki ikazishinda bunduki. Masimulizi yanasema Zelewski mwenyewe alikuwa juu ya punda alipochomwa mkuki na kijana mdogo. Kwa hiyo bibi yule na swali lake la punda alikuwa karibu na historia kuliko meza kuu nzima.

Mwanangu wa darasa la sita anajua fuvu la Mkwawa lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, maana limewahi kuulizwa kwenye mtihani. Kumsikia mzee akilisimulia, bado.

Naomba waandaaji mwakani waanze na kiduo asubuhi, kichezwe mpaka wachezaji wenyewe waseme basi. Mzee mmoja apewe nusu saa ya Lugalo, watoto wakiwa wameketi kwenye nyasi. Farasi wafuate baada ya hapo, na mbele yao watangulie punda wetu wawili watatu, hawa wanaotubebea mahindi na maji kila siku. Hao hata kukodi hatuhitaji.

Na turubai, tafadhali. Mwaka huu kivuli kilikuwa cha meza kuu peke yake.

Msomaji wako,
Iringa