Mgonjwa wa stenti ya ubongo hamalizi tiba siku ya kuruhusiwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kutibu anurizimu ya ubongo, yaani kifuko kinachotuna kwenye ukuta wa mshipa wa damu, bila kupasua fuvu niliisoma kwa furaha, maana nami nimetibiwa hivyo. Lakini mliishia pale mgonjwa anapotoka hospitali akitembea mwenyewe. Kwa sisi wenye stenti, yaani kijibomba cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa, sehemu ngumu huanzia hapo.

Koili mlizieleza vizuri: nyuzi laini za platinamu ambazo Dakta Guido Guglielmi alianza kuwawekea wagonjwa mwaka 1990 huko Los Angeles. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupenyezwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, ikapandishwa hadi ubongoni, na koili zikajazwa ndani ya kifuko kilichotuna ili damu isiingie tena. Utafiti wa ISAT wa mwaka 2002, uliohusu wagonjwa 2,143 ambao anurizimu zao zilikuwa zimepasuka, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa takriban asilimia 24 kwa waliowekewa koili na asilimia 31 kwa waliopasuliwa fuvu na kifuko kubanwa kwa klipu. Hayo sina ugomvi nayo.

Anurizimu yangu haikuwa imepasuka. Ilionekana kwa bahati nilipopigwa picha ya MRI kwa sababu ya kizunguzungu. Shingo yake, yaani mdomo wa kifuko, ilikuwa pana, koili peke yake zisingetulia humo, kwa hiyo niliwekewa stenti ya kugeuza mkondo wa damu. Ni kijibomba cha waya nyembamba sana zilizosukwa kama chujio, nacho hukaa ndani ya mshipa wenyewe na kupita mbele ya mdomo wa kifuko. Damu nyingi hufuata njia yake. Ile ya kifukoni hupoa mwendo, ikaganda, na utando wa mshipa ukaota taratibu juu ya waya. Kazi hiyo huchukua miezi, kwa wengine hata zaidi ya mwaka.

Miezi yote hiyo chuma kiko wazi ndani ya damu, na damu ikigusa chuma huelekea kuganda. Ndiyo maana tunameza aspirini na klopidogreli kila siku. Ukiziacha ghafla, stenti inaweza kuziba na ukapata kiharusi, ingawa anurizimu yenyewe imetulia.

Nilipoumwa jino, daktari wa meno aliniagiza niache vidonge vyote viwili kabla hajaling'oa. Nilimwomba asubiri, nikampigia simu daktari aliyeniwekea stenti. Jibu lake lilikuwa fupi: usiache hata kimoja bila mimi kujua. Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, jino likang'olewa nikiwa bado natumia dawa, na kidonda kikashonwa. Damu ilichuruzika jioni ile kisha ikakoma. Nawaza juu ya mgonjwa asiye na namba ya kupiga.

Basi mkirudia mada hii, muulizeni daktari mliyemhoji: vidonge vinatumika kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kuvisimamisha? Mwenye vidonda vya tumbo afanyeje, maana dawa hizi huweza kumtoa damu? Picha ya kuangalia kama kifuko kimeziba hupigwa lini? Na elezeni habari za kadi ya kipandikizi, ile inayotaja stenti aliyowekewa mgonjwa. Mimi hutembea nayo, na wapiga picha wa MRI huidai kabla ya kuniingiza kwenye mashine.

Wenu,
Mwalimu mstaafu