Uvimbe wa shingo hauishi? Waangalie nyuma ya pua

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kansa ya nyuma ya pua, ile inaota pale juu kabisa ya koo mahali pua inakutana na koo. Huwezi kuiona hata ukipanua mdomo mbele ya kioo na tochi, na ndio maana watu wetu huku Bonde la Ufa wanafika hospitali kubwa ikiwa imeshatambaa.

Binamu yangu alianza na uvimbe wa shingo, chini tu ya sikio, hauumi. Akapewa antibiotiki, baadaye wakasema ni TB ya matezi akameza dawa miezi na miezi na hakuna mtu alitoa hata kipande kidogo cha ile nyama kikapimwe. Na huku sikio la upande ule ule limeziba, akaambiwa ni nta. Asubuhi kamasi ilikuwa inatoka na damu kidogo, hiyo hata hakusema juu hakuna aliyemuuliza. Jameni, hizo dalili tatu ni za ugonjwa mmoja! Mrija wa sikio unafungukia hapo hapo nyuma ya pua, kansa ikikua inauziba na maji yanajaa ndani ya sikio, halafu ikiingia kwa matezi ya shingo ndio unaona lile donge. Wengine wanaanza kuona vitu viwili viwili ama uso unakufa ganzi, hapo imeshagusa mishipa ya fahamu.

Na si ugonjwa mgeni Kenya. Daktari Peter Clifford aliufuatilia Nairobi tangu miaka ya 1960, akaona uko sana kwa watu wa nyanda za juu, akashuku moshi wa jikoni kwa nyumba zisizopitisha hewa. Kusini mwa China ndio uko zaidi, na huko samaki wa chumvi wanaolishwa watoto wadogo wamehusishwa nao. Mwaka wa 2020 dunia nzima ilihesabiwa wagonjwa wapya kama 133,000, wanaume zaidi ya mara mbili ya wanawake, na usidhani ni wazee pekee, vijana pia wanaugua.

Kuna pia virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na kansa hii, vilivyoonekana mara ya kwanza London 1964 kwa uvimbe wa watoto kutoka Uganda. Karibu sisi sote tunavyo tangu utotoni na wengi havitudhuru kamwe, kwa hivyo mgonjwa asitengwe vikombe na sahani, na wale wanaosema amerogwa wanamcheleweshea matibabu bure.

Matibabu yake makubwa ni mionzi, ikiwa imesambaa wanaongeza kemo. Inasikia mionzi vizuri sana, ikishikwa mapema wengi wanapona kabisa, hiyo ndiyo inaniuma nikikumbuka ile miezi ya tembe za TB.

Naomba serikali za kaunti zinunue ile kamera nyembamba inayopitishwa puani, ziweke mtu anayejua kuitumia hata hospitali za kaunti ndogo, na kila kliniki mtu mzima akija na donge la shingo lisiloisha wiki tatu aulizwe habari ya sikio na pua halafu atumwe kwa daktari wa masikio, pua na koo akatolewe kipande kipimwe, kabla hajaandikiwa dawa ya miezi sita.

Msomaji wako,
Uasin Gishu