Zaituni, njoo uruke kwetu maktabani

Arua, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu Zaituni,

Asalaam alaikum warahmatullah. Natumaini barua itakukuta mzima huko Bombo, wewe na Baba Shaban na watoto, na mama mkwe miguu imeacha kuvimba. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua zimeanza, mihogo ipo, Hajji bado ana ile baiskeli yake na bado hataki mtu aiguse. Mengine nitakusimulia ukifika, maana nimekaa kukuandikia kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kukuomba uje.

Najua Mama Rehema alikwambia kwamba maktaba yetu imeanza mazungumzo ya michezo Jumamosi mchana. Alikueleza nusu. Eti "wanazungumza mpira." Mpira tuliuweka kando kwanza, kwa sababu hapa Arua mpira hauna haja ya kutetewa na mtu, ukitaja timu yetu ya Onduparaka tu, mkutano umeshavunjika, kila mmoja ana la kwake. Tulianza na riadha. Mtu anakuja, anazungumza kwa muda mfupi ndani, halafu tunatoka uani kuonyeshana kwa vitendo. Hicho cha pili ndicho kinachowaleta watoto, na sioni ubaya wowote.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, yule yule wetu wa jiografia. Alizungumza juu ya John Akii-Bua. Unajua mwenyewe akianza habari za redio ya baba yake! Lakini safari hii alijiandaa. Alichora uwanja wa Munich ubaoni, mwaka 1972, fainali ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi, akawaonyesha watoto kwamba Mganda yule alipangwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali na wakimbiaji hawapapendi. Viunzi 10. Mita 45 hadi cha kwanza, kisha mita 35 kati ya kimoja na kingine, na kila kimoja kina urefu wa sentimita 91.4. Tulizipima kwa chaki kwenye kabati la vitabu, zikafika pale penye kamusi, na wadogo wote wakapanga foleni kuona kama videvu vyao vinafika. Akii-Bua akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake.

Sasa mtoto wa leo ukimwambia 47.82, kwake ni namba kama namba nyingine. Basi nikamwita binti mmoja wa darasa la sita asome kitabu kwa sauti, Mwalimu ameshika saa. Alipokuwa katikati ya aya ya pili, Mwalimu akapiga meza: "Amemaliza!" Walicheka sana, kisha kila mmoja akataka kujaribu, aone atasoma mpaka wapi kabla Akii-Bua hajamaliza. Zaituni, walisoma! Wavulana wa sokoni, wale ambao huingia maktabani kukwepa mvua, walikuwa wanagombea kitabu. Nilisimama pale mlangoni nikisema moyoni, laiti Zaituni angeona.

Jumamosi nyingine tukaenda uwanja wa shule na kijana wa Mama Rehema, anayekimbia. Aliwaeleza rekodi ya dunia ya Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei ya mita 10,000, Valencia, Oktoba 2020: dakika 26 na sekunde 11. Ukigawa kwa mizunguko 25 ya uwanja unapata chini kidogo ya sekunde 63 kwa kila mzunguko. Akawaambia vijana wakubwa wakimbie mmoja tu kwa mwendo huo. Hakuna aliyeweza. Walilala kwenye nyasi wote, na hapo ndipo walipoelewa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya Dorcus Inzikuru. Mtoto wa huku huku, wa Vurra. Nilitaka nizungumze mwenyewe, kwa sababu nakumbuka mji ulivyokuwa mwaka 2005 habari zilipofika kutoka Helsinki. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dakika 9 sekunde 18.24, dhahabu. Na ilikuwa mara ya kwanza mbio hizo kukimbiwa na wanawake katika Mashindano ya Dunia. Olimpiki yenyewe haikuwa nazo kwa wanawake mpaka Beijing 2008. Maana yake bingwa wa kwanza kabisa wa dunia, mwanamke, katika mbio hizo, ametoka kwetu. Niliwauliza watoto nani anamjua. Mikono mingi ilinyanyuka. Nikauliza alifanya nini. Kijana mmoja akakisia, kwa heshima zote, kwamba labda alikuwa mbunge.

Walizaliwa baadaye, siwalaumu. Walimjua zaidi Peruth Chemutai, ile dhahabu ya Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki. Nilipowaambia kwamba ni mbio zile zile, na kwamba wetu alitangulia kwa miaka 16, ungeona macho yao.

Tukatoka uani. Seremala wetu alikuwa ametutengenezea viunzi vyepesi, vinavyoanguka mtoto akivigusa. Wavulana wakaruka mpaka vumbi likapanda. Wasichana wakabaki barazani, viatu mkononi, wanatazama. Niliwaita, hakuna aliyeshuka. Hatimaye mmoja, mwenye hijabu ya shule, akanifuata pembeni akaniuliza mambo mawili. La kwanza: "Mama, yeye alikuwa anaruka amevaa nini?" La pili: "Kitabu chake kiko rafu gani?"

La kwanza nilijaribu kulijibu. La pili nilizunguka rafu zote nikiwa naye. Tuna vitabu vya mpira wa Uingereza vilivyochanika majalada. Tuna cha kriketi, tulichopewa na wageni, hakijawahi kuazimwa. Cha Inzikuru hatuna. Wala cha Akii-Bua ambacho mtoto wa miaka 12 anaweza kukishika akakisoma. Tumewaita watoto kwenye nyumba ya vitabu, tumewaonyesha wakimbiaji wa nchi yao, wamewaka, wanataka kusoma, halafu tunawapa kriketi! Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri.

Ndiyo maana nakutaka wewe. Mimi naweza kueleza, ila wewe uliruka. Nakukumbuka kwenye mashindano ya shule, pale kwenye shimo la maji, wenzako wakiogopa na kutua chapwi karibu na kiunzi, ambako maji ndiyo marefu. Wewe ulikanyaga juu ya kiunzi mguu mmoja, ukajisukuma mbele kama swala, ukatua mwisho kule ambako maji yanafika kifundo cha mguu, ukaendelea mbio. Wasichana hawa wanahitaji kuona hilo likifanywa na mama wa watoto watatu, amefunga mtandio wake nyuma, amevaa suruali ndefu ya mazoezi. Hapo yule binti hataniuliza tena habari ya mavazi.

Na ukishaonyesha, ukae nami jioni unisimulie mazoezi yenu yote kwa Kiswahili, mimi niandike. Tutakitengeneza kijitabu, kurasa chache, na picha za kuchora. Mguu wa mbele unakwendaje, mguu wa nyuma unafunguliwaje, kwa nini huruki juu bali unapita juu ya kiunzi bila kuvunja mwendo. Na sura moja ya Inzikuru, moja ya Chemutai. Kiswahili kwa sababu ukumbi wetu una Walugbara, Wakakwa, Waaringa, Wanubi wetu, na watoto wa Kikongomani, na hicho ndicho kinachotukusanya. Kitakaa rafuni na namba yake kama kitabu chochote kingine. Nataka kila mazungumzo tunayofanya yaache kitu rafuni. La sivyo watoto wanaondoka na jasho tu.

Kuna hili pia. Mzee wa kamati, unamjua, hapendi. Anasema maktaba ni mahali pa utulivu na viunzi vina uwanja wake. Namheshimu, na ana haki katika hoja moja: watahiniwa wa kidato cha nne wanahitaji kimya, hivyo tumehamishia vitendo uani nyuma, baada ya alasiri. Lakini anataka tuache kabisa, na kamati inakutana mwisho wa mwezi. Nashangaa, kwa kuwa siku ile mvua ilipotuzuia tukacheza omweso ndani, mashimo 32, kete 64, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana, na hakuondoka mpaka adhana ya magharibi. Anayapenda mambo haya kuliko anavyosema. Akikiona kijitabu mezani, chenye maandishi, nadhani atakuwa upande wetu. Bila hicho sijui.

Kwa hiyo narudi pale pale: uje kabla ya mwisho wa mwezi. Nauli ya basi nitakutumia kwenye simu, usibishane nami. Utalala kwangu, samaki wa angara wapo, na Hajji ameahidi kukuchukua kituoni, ila si kwa baiskeli, usiogope.

Seremala ana maswali yake na anasubiri majibu yako. Kile kiunzi cha kukanyaga kisichoanguka, sehemu ya juu aifanye sentimita 12.7 kama inavyotakiwa, au kwa watoto iwe pana zaidi? Shimo la maji hatuwezi kuchimba. Tukimwaga mchanga laini na kupima mita 3.66 za shimo lenyewe kwa kamba, itatosha kuwafundisha? Urefu wa kiunzi kwenda juu tuanzie wapi, maana sentimita 76.2 za wanawake naona ni nyingi kwa wadogo?

Na mimi nina yangu. Goti lako la kulia vipi, lina maumivu bado? Baba Shaban atakubali ukae Jumamosi mbili badala ya moja? Lile daftari la mazoezi uliloandika na kocha wetu lipo, au panya wamelipata? Unazo picha zozote za mashindano yale? Na je, yule mwenzako wa Kapchorwa aliyekuwa anakushinda kila mwaka, bado mnawasiliana, anaweza kuja naye?

Nijibu upesi, hata kwa ujumbe mfupi. Nimemwambia yule binti kwamba nimekuandikia, na kila akirudisha kitabu ananiuliza kama umejibu.

Wasalimie wote.

Dada yako,
Mama Hawa