Kuhusu Kasi ya Vijiti vya Dramu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba bado unapiga dramu kanisani kila Jumapili na kwamba sasa umevutiwa na mashindano ya kasi. Umeniuliza ni nini hasa kinachoshindaniwa huko, na kwa nini mkono wako hukakamaa na kuwaka moto kabla hata nusu dakika haijaisha. La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo lililonishikisha kalamu, kwa sababu naamini ushauri uliopewa na wenzako, kwamba ununue vijiti vizito ili ujenge misuli, utakupotezea muda mwingi.

Mashindano yanayojulikana zaidi huitwa World's Fastest Drummer, yaani Mpiga Dramu Mwenye Kasi Zaidi Duniani, nayo yalianzia Nashville, Marekani, baada ya Boo McAfee na mwenzake Craig Alan kubuni kifaa kiitwacho Drumometer, ambacho huhesabu kila pigo linalotua kwenye pedi, ile sahani ya kufanyia mazoezi badala ya ngoma, na kuonyesha idadi yake kwa tarakimu. Kabla ya kifaa hicho sifa ya kasi ilikuwa ni mabishano tu, maana hakuna sikio linaloweza kuhesabu mapigo yanayofuatana kwa ukaribu kiasi hicho. Masharti ni machache: muda ni sekunde 60, na mikono ipokezane pigo mojamoja, kulia na kushoto, bila mkono mmoja kupiga mara mbili mfululizo. Johnny Rabb alifikisha mapigo 1,071. Mike Mangini, aliyefundisha katika chuo cha Berklee mjini Boston kabla ya kuingia katika bendi ya Dream Theater, alifikisha 1,203, na mwaka 2013 Tom Grosset wa Toronto akapiga 1,208. Wapo pia wanaoshindana kwa miguu, kwa pedali mbili za ngoma kubwa, lakini hayo tuyaache kwa sasa.

Itazame vizuri hiyo 1,208. Ni mapigo 20 na kidogo kwa kila sekunde, yaani kila mkono unashuka na kupanda mara 10 katika sekunde moja, na kuendelea hivyo dakika nzima. Tofauti kati ya Grosset na Mangini ni mapigo 5, ambayo kwa kasi hiyo ni kama robo ya sekunde. Kwa hiyo anayeshinda si lazima awe ndiye aliyeanza kwa kishindo; mara nyingi ni yule ambaye mkono wake katika sekunde ya 50 bado unatembea kama ulivyotembea katika sekunde ya 10. Hapo ndipo swali lako la pili linapoanzia.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani, akina Shinya Fujii, walichapisha utafiti ambao ningependa kila mpiga dramu aufahamu. Walipima umeme wa misuli ya mkono wa watu wasiopiga dramu, wa wapiga dramu wa kawaida, na wa mshindi wa mashindano hayo niliyokutajia. Mtu wa kawaida akigonga kwa mkono mmoja kwa kasi yake yote hufikia mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Mshindi yule alifikia 10. La ajabu ni namna misuli yake ilivyofanya kazi. Kifundo cha mkono kina misuli inayokishusha na misuli inayokiinua, na kwa wengi wetu, tunapojilazimisha kwenda mbio, makundi yote mawili hukaza kwa wakati mmoja, hivi kwamba mkono unapigana na nafsi yake. Kwa mshindi yule misuli ya kushusha ilifanya kazi kisha ikanyamaza upesi, ndipo ile ya kuinua ikaingia, zikapishana bila kugombana. Nguvu tunazo sote za kutosha, maana kijiti ni chepesi. Kinachotushinda ni kuuachia msuli mapema.

Ndiyo maana mkono wako unawaka. Msuli uliokaza bila kupumzika huibana mishipa yake yenyewe, damu haipiti ipasavyo, na uchovu hujikusanya humo. Vijiti vizito vitakuzidishia kukaza huko huko, nawe utaona umejenga mkono wenye nguvu usiokwenda popote.

Anza na mshiko. Egemeo la kijiti liwe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, au cha kati ukiona kinakufaa zaidi, na hapo pashikwe kwa wepesi ambao mtu angeweza kukuchomoa kijiti bila kukivuta sana. Pedi yenyewe inakirudisha kijiti juu baada ya kila pigo, na kazi ya vidole vitatu vya nyuma ni kukipokea na kukirudisha chini kabla hakijapanda mbali. Viganja vikitazama chini, kifundo ndicho kinachofanya kazi kubwa. Vidole gumba vikiwa juu, kazi huhamia vidoleni. Kwa kasi ya juu kabisa wengi hutafuta mahali katikati ya hali hizo mbili, na kijiti hakiinuki zaidi ya sentimita chache.

Kuna pia mbinu ya Moeller, iliyopewa jina la Sanford Moeller, Mmarekani aliyejifunza kutoka kwa wapiga ngoma wazee wa jeshi. Hapo mkono mzima husogea kama mjeledi, msogeo mmoja mkubwa ukazaa pigo zito na mengine mepesi yanayofuata bila juhudi mpya. Katika mashindano huwezi kuitumia jinsi ilivyo, kwa kuwa msogeo wake ni mpana mno, lakini naipenda kama mazoezi, kwa sababu hakuna anayeweza kuipiga akiwa amekakamaa.

Mazoezi yenyewe yawe hivi. Weka metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo ya mwendo, kwenye mwendo ambao unaumudu dakika nzima bila kukaza hata kidogo, hata kama ni wa polepole kiasi cha kukuudhi, na uupandishe tu baada ya kuumaliza ukiwa mlegevu. Mkono ukianza kukaza, simama. Usimalizie dakika hiyo kwa ubishi, maana unaufundisha mwili kukaza. Mkono wa kushoto uupe muda zaidi ya wa kulia. Ukichelewa hata kidogo, vijiti vyote viwili vitagonga kwa pamoja, na mapigo mawili yatahesabiwa moja.

Nitumie basi video fupi. Iweke simu kando ya mkono wa kushoto, usiiweke juu, ili nikione kidole gumba pamoja na vile vidole vitatu vya nyuma, na uniandikie ni katika sekunde ya ngapi ulipohisi mkono unaanza kukaza. Vijiti vizito usinunue kwanza.

Wasalimie wanakwaya wote.

Wako akupendaye.