Tusiulize kilomita tu, tuulize na udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo husikika hapa Tabora kila inapotajwa urani, madini yenye mionzi, ya Manyoni na Bahi. Swali la kwanza la watu huwa ni kilomita: kutoka huko hadi kwetu ni ngapi? Wana haki ya kuuliza, lakini kitu chenye mionzi kikishaingia ardhini huenda kwa kadiri udongo unavyokiruhusu, na udongo wetu haufanani.

Wanafunzi wangu huliona hili kwa chupa mbili za maji zilizokatwa vitako. Moja tunaijaza kichanga cha shamba la tumbaku, ambacho Wasukuma hukiita luseni, na ya pili udongo mweusi wa mbuga, wenye mfinyanzi mwingi, ulio na unyevu, kisha tunamimina maji yenye matone machache ya GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni. Kwenye kichanga maji hupita upesi, yakiwa bado na zambarau. Kwenye mbuga tunasubiri karibu kipindi kizima, na yanapoanza kudondoka rangi imebaki juu, kwa sababu chembe za mfinyanzi zina chaji hasi na rangi ile ina chaji chanya, na chaji hizo huvutana.

Sesiamu-137, kitu chenye mionzi kinachotoka katika ajali za vinu vya nyuklia na ambacho nusu yake huisha kila baada ya miaka 30 hivi, hunaswa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, sehemu kubwa yake ilibaki katika sentimita chache za juu, ndiyo maana Wajapani waliweza kuukwangua udongo huo na kuuondoa. Katika vilima vya Wales, ambako udongo ni wa mboji na mfinyanzi ni haba, sesiamu ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, ya mwaka 1986 iliendelea kupanda kwenye majani na kuingia kwa kondoo, na masharti ya kuwauza yaliondolewa kabisa mwaka 2012 tu.

Urani ina tabia nyingine. Penye oksijeni huyeyuka majini; udongo mwekundu wenye oksidi za chuma (kutu) huikamata, lakini maji yenye kaboneti nyingi, yaani chumvi za aina ya chokaa, huibandua na kuisafirisha. Pasipo oksijeni hugeuka kuwa katika hali isiyoyeyuka kirahisi na kutulia.

Wala mbuga si ngome ya mwaka mzima, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Mwezi Oktoba hupasuka nyufa zinazomeza mkono hadi kiwiko. Tukirudia jaribio letu kwa mbuga iliyokaushwa juani, zambarau hupenya kwenye ufa na kutoka chini kabla udongo haujapata nafasi ya kuikamata. Mvua za kwanza hufanya vivyo hivyo shambani.

Kwa hiyo naomba wataalamu wanaoandaa tathmini za athari kwa mazingira waeleze, kwa Kiswahili na mbele ya mkutano wa kijiji, ni udongo gani uliopo katika kila kina hadi kwenye maji ya visima, asidi na kaboneti yake ni kiasi gani, na kama vipimo vilichukuliwa masika peke yake au na kiangazi pia, wakati nyufa ziko wazi.

Mwalimu wa Jiografia,
Tabora