Usimtapishe Simba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana kwamba mbwa wako Simba amelamba dawa ya kuzibulia sinki, nawe unamkorogea maji ya chumvi ili atapike, umeninyima usingizi. Afadhali daktari wa mifugo alipokea simu kabla hujamnywesha. Usimtapishe mbwa kwa kubahatisha, mwanangu.

Dawa ile huunguza. Ikishuka imeunguza koo, ikirudi juu inaunguza tena. Mafuta ya taa na petroli huponza mapafu: mbwa akitapika, kidogo tu kikipita njia ya hewa, kazi imeanza upya. Na chumvi nyingi yenyewe ni sumu, inaweza kumwangusha kwa degedege. Maziwa nayo hayaui sumu, hata kama kwetu ndivyo mlivyosikia miaka yote, na mnajua kutoka kwa nani.

Kumsomea daktari maandishi ya chupa, ukamtajia saa, kiasi na uzito wa mbwa, hapo umenizidi. Mimi ningeitupa kwa hasira. Ila hiyo kabati nilikwambia uitie komeo tangu ulipohamia, ukanijibu mbwa hana mikono. Pua anayo, na meno.

Kinachonitisha zaidi ni sumu ya panya. Mbwa anaila leo, kesho anacheza, unadhani ameponyoka. Kumbe aina nyingi huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa, mara nyingi siku 3 hadi 5: fizi zinapauka, anachoka, damu inamtoka puani. Vitamini K1 humsaidia, lakini hupewa kwa wiki kadhaa na kwa kipimo cha daktari. Kwa hiyo ukiona pakiti imetafunwa, usingoje augue. Piga simu saa hiyo hiyo, chukua pakiti, mpeleke. Ikibidi atapishwe, daktari ndiye atakayeamua na kumtapisha kwa dawa yake. Si wewe, na si kwa chumvi! Akiwa amezimia au anatetemeka, usimtie chochote kinywani.

Dada yako anaiulizia pasi uliyoondoka nayo bila kuaga. Ufunguo wa stoo nao uko kwako, na fundi amesharudi bure kwa sababu yake. Mpe yeyote anayekuja huku. Na uniandikie kama Simba amekula asubuhi hii, na kama bado anadondosha mate.

Mama yako