Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Mtoto asiandikwe miaka 18 kwa kukadiriwa

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia kuhusu mstari mmoja tu wa hati ya mashtaka, ule wa umri wa mshtakiwa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani. Kazi hii inanifikisha mahakamani mara kwa mara, na mara kwa mara nawaona vijana wanapandishwa kizimbani wakiwa wameandikwa miaka 18. Wengine sauti bado ni za kitoto. Wamekamatwa kwenye misako ya usiku stendi, au wamedaiwa kuiba simu sokoni, na hakuna aliyewauliza walizaliwa lini. Wamekadiriwa kwa macho, na kadirio hilo linageuka ukweli wa kisheria.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haina kigugumizi. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, hata kama sheria nyingine inasema vinginevyo. Kesi yake isikilizwe na Mahakama ya Watoto, kwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Akiwa kizuizini asichanganywe na watu wazima. Sasa chukua kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Mtu mzima akitiwa hatiani, kifungo chake hakipungui miaka 30. Mtoto hafungwi gerezani hata siku moja. Kinachowatenganisha hao wawili, Mheshimiwa, ni namba aliyoiandika askari usiku wa kukamata.

Kuna mama mmoja alikuja ofisini kwetu na kadi ya kliniki ya mwanawe, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wino umefifia, lakini tarehe ya kuzaliwa ilisomeka, pamoja na nukta za uzito zilizopandishwa mwezi hadi mwezi. Kwa kadi ile mtoto alikuwa na miaka 15. Kwa hati ya mashtaka alikuwa na 18, na alikuwa gereza la watu wazima akisubiri upelelezi ukamilike. Mama aliambiwa kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa. Ikabidi twende shule ya msingi aliyosoma, mwalimu mkuu akafungua rejesta ya uandikishaji, tukapata barua yenye mhuri. Ndipo jambo lile likasikilizwa. Wiki zote hizo mtoto alilala chumba kimoja na watu wenye umri wa baba yake, na alipotoka hakutaka kueleza yaliyompata huko. Mama hakumlazimisha, nami sikuuliza.

Sitaki kuwasingizia askari ukatili. Wengi wao ni wazazi. Lakini ukiandika 17 umejitwika kazi: umtafute mzazi, umwite afisa ustawi wa jamii, umtenge mtoto na watu wazima, na dhamana ikikataliwa umpeleke mahabusu ya watoto. Tanzania Bara ina mikoa 26, na mahabusu za watoto hazifiki hata nusu ya mikoa hiyo. Kwa kituo cha polisi kilicho mbali na mahabusu hizo, hiyo ni safari ya gari na mafuta ambayo hayapo. Ukiandika 18, yote hayo yanakwisha. Na watoto wenyewe huwa wanakubali. Mwingine anaogopa nyumbani wasijue. Mwingine kaambiwa na wenzake kwamba akisema ni mkubwa mambo yataisha haraka.

Najua kifungu cha 113 kinamtaka hakimu achunguze umri pale anapoona aliye mbele yake ni mtoto. Lakini hakimu mwenye rundo la majalada anasoma 18, anamuuliza kijana, kijana anatikisa kichwa kukubali, kesi inaahirishwa. Hata akiagiza daktari, vipimo vya meno na mifupa hutoa makadirio tu, na kwa kijana aliye kati ya 16 na 18 makadirio hayo hayawezi kutegemewa sana.

Hapa ndipo wizara yako inapohusika moja kwa moja, maana RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na kutoa vyeti vya kuzaliwa, iko chini yako. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo ulianza Mbeya mwaka 2013, kisha ukaenda mkoa kwa mkoa. Ni kazi nzuri na nimeona faida yake. Lakini wengi wanaokamatwa leo wakiwa na miaka 16 au 17 walizaliwa kabla mpango haujafika kwao, na ulipofika walikuwa wameshavuka mitano. Hawana cheti kwa sababu Serikali haikuwafikia. Haifai Serikali hiyohiyo iwadai cheti ili iwatambue kuwa watoto.

Naomba utolewe waraka kwamba Ofisi ya Taifa ya Mashtaka isipeleke mahakamani hati ya kijana yeyote bila kueleza umri wake umejulikanaje, kwa cheti, kadi ya kliniki, rejesta ya shule au kauli ya mzazi. Kama haujulikani, isemwe haujulikani, na atendewe kama mtoto hadi mahakama iamue. Tumeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1991, na Kamati inayousimamia ilieleza wazi mwaka 2019 kwamba shaka juu ya umri imnufaishe mtoto. Naomba pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo imefika hadi vijijini kusikiliza migogoro ya ardhi na mirathi, ipewe jukumu la kupitia umri wa mahabusu vijana magerezani, ikiambatana na ofisa wa RITA mwenye uwezo wa kusajili palepale.

Mahabusu za watoto kila mkoa zitahitaji fedha na muda, na najua haziko chini ya wizara yako peke yake. Lakini waraka huo wa umri hauhitaji kusubiri bajeti wala Bunge. Unaweza kutoka mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msaidizi wa kisheria

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka, Kabidhi Wasii Mkuu, RITA, Kamishna wa Ustawi wa Jamii.